Sweta Mbili, Siku Moja

Jumatatu, 3 Machi

Nukta wangu,

Mvua ya kwanza imenyesha leo alasiri, nikiwa nimeanika mashuka ya nyumba ya wageni kwenye kamba zote. Niliyakimbilia nikayaingiza ndani, nikayatandaza juu ya viti, meza na mlango, mpaka nikakosa pa kukaa. Nikacheka peke yangu. Ungekuwepo ungejifunika shuka moja ukanitisha.

Kesho masomo ya jioni yanaanza. Ulikwenda kuniandikisha bila kuniuliza, ukarudi ukasema, "Mama, nafasi zilikuwa zinakaribia kuisha, nimekuchukulia moja." Nilikukasirikia. Nikakwambia dobi hahitaji hesabu za darasani. Ukajibu kwamba nahesabu vizuri kichwani ila sijui kuandika nilichokihesabu. Sasa wewe umetangulia na nafasi yangu bado ipo. Nitakwenda. Asante, mwanangu, sikupata kukwambia.

Nitakuandikia nikipata muda. Mambo marefu siyawezi, nitakueleza tu yaliyotokea.

Jumanne, 4 Machi

Madawati ni ya watoto wadogo. Magoti yangu hayaingii chini yake, nakaa upande kama mtu anayesubiri kuitwa. Mwalimu ni msichana wa umri wako, anavaa saa kubwa ya kiume. Aliita majina, akafika kwangu akasema, "Karibu, mama." Si zaidi ya hapo, ila nilifurahi.

Jirani yangu wa dawati ni kinyozi wa pale kona ya soko. Ananiita Mama Pasi kama wateja wanavyoniita. Nyuma yetu anakaa mlinzi wa benki, anakuja na sare na anasinzia hata kabla ya somo kuanza.

Alhamisi, 6 Machi

Leo hesabu za sehemu, nusu na robo. Sikuelewa. Mvua.

Jumapili, 9 Machi

Kaka yako amekuja na mkewe na mtoto. Wameniletea sukari na betri za redio. Mama mkwe wa kaka yako anatusalimia. Mtoto anaota meno, anang'ata kila kitu, amening'ata bega nikaona raha.

Tulipokuwa tunakula nilisimulia ile asubuhi yako ya mwisho. Ulivyosimama mlangoni na sweta yako ya njano, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi, ukaniuliza kama kuna chai iliyobaki, nami nikasema kunywa yangu. Kaka yako akaweka kijiko chini.

"Mama, hilo umeshatusimulia."

"Najua. Nimependa kulisema."

"Jumapili iliyopita pia. Na sweta haikuwa ya njano. Ilikuwa ya kijani."

"Hakuwa na sweta ya kijani, mwanangu. Nguo zake zote nafua mimi."

"Nilimwingiza mimi kwenye gari. Nilimshika mimi mpaka hospitali. Ilikuwa kijani."

Mkewe akamgusa mkono. Kaka yako akasema, "Basi mama, yaishe." Yakaisha, tukanywa chai. Lakini walipokuwa wanavaa viatu ukumbini nilimsikia akimwambia mkewe kwa sauti ya chini, "Umeona? Bibi alianza hivi hivi."

Bibi yako, mama yangu, mwisho alikuwa akiniita kwa jina la dada yake. Nakumbuka yote. Sikumkasirikia kaka yako. Nimekaa tu nikaitafuta ile sweta ya njano kabatini mwako, haimo. Nilidhani hospitali waliipoteza. Sasa sijui.

Jumanne, 11 Machi

Leo somo jipya, linaitwa fanksheni. Mwalimu aliandika jozi ndani ya mabano, namba ya kwanza, mkato, namba ya pili. Akasema ya kwanza ni inayoingia, ya pili ni inayotoka. Ukikusanya jozi hizo ni seti, na kazi yetu ni kusema kama seti hiyo ni fanksheni au siyo. Kisha akafuta ubao na kusema tujaribu kwa akili zetu kwanza, sheria atatupa baadaye. Tuseme tu seti ipi ina utaratibu na ipi ina fujo.

Nilifanya haraka, Nukta, nikaona rahisi. Seti ya kwanza ilikuwa na (3,5) na (3,8). Nikasema hii safi: mteja namba tatu kaleta nguo mbili, zote nimezibana kitambaa cha namba yake, hakuna kilichopotea. Seti ya pili ilikuwa na (1,4) na (2,4). Nikashtuka. Wateja wawili wanadai nguo moja! Hapo kuna ugomvi kaunta, mmoja ataniita mwizi. Nikaandika: fujo.

Mwalimu akatoa sheria. Kila kinachoingia kitoe kitu kimoja tu. Ile ya (3,5) na (3,8) siyo fanksheni, kwa sababu tatu imetoa vitu viwili. Ile ya (1,4) na (2,4) ni fanksheni, kwa sababu moja imetoa nne, mbili nayo imetoa nne, na hakuna ubaya wawili kufika mahali pamoja.

Nilikuwa nimekosa zote, na zote kinyume. Nikamweleza kwa nini, nikamwambia habari ya vitambaa vya namba ninavyobana kwa pini. Darasa likacheka, yeye naye akacheka, akasema hajawahi kuona mtu anayekosea kwa mpango mzuri hivyo.

Kinyozi akasema, "Mwalimu, kwangu imekaa sawa. Kichwa kimoja hakiwezi kutoka dukani na mitindo miwili. Ila vichwa viwili vikitoka na mtindo mmoja, hiyo ndiyo fasheni."

"Ndiyo hivyo hivyo."

"Na huyu?" Akamwonyesha mlinzi, ambaye ana kipara. "Huyu anatoa nini?"

Mlinzi, bila kufungua macho, akasema, "Mimi sijaingia dukani kwako, kwa hiyo simo kwenye seti."

Mwalimu akasema hilo ndilo jibu bora la jioni.

Ijumaa, 14 Machi

Mvua kutwa. Hakuna kilichokauka. Nimekausha soksi za mtoto wa jirani kwa pasi, moja moja.

Jumanne, 18 Machi

Mazoezi. Natazama namba za kwanza tu, nazipitia kwa kidole. Nikiona namba haijirudii, napumua, ni fanksheni. Nikiona inajirudia, nasimama. Namba za pili siku hizi haziniogopeshi, zijirudie zitakavyo.

Nilipokuwa narudi nilifikiri juu ya mama na mtoto. Ukiweka mama mwanzoni na mtoto mwishoni, mimi nina jozi mbili, kaka yako na wewe. Siyo fanksheni. Ukigeuza, mtoto mwanzoni na mama mwishoni, kaka yako anafika kwangu, na wewe unafika kwangu. Mama mmoja kwa kila mtoto. Ni fanksheni. Nimeiandika nyuma ya tiketi ya nguo nikaiacha chini ya pasi ya zamani.

Watu huniuliza nina watoto wangapi, na tangu ulipoondoka nilikuwa sijui niseme nini. Leo muuza mkaa ameniuliza. Nikamwambia wawili.

Jumapili, 23 Machi

Kaka yako alikuja peke yake. Nilijua kuna jambo, kwa sababu alifika akaanza kurekebisha kitasa cha mlango ambacho hakina ubaya.

"Mama, njoo ukae kwetu, chumba kipo. Mtoto anakupenda. Hapa unashinda na maji baridi na mvua hii."

"Mikono yangu imezoea."

"Si mikono, mama." Akakaza skrubu ya kitasa. "Unarudia rudia mambo. Unachanganya. Ukisahau pasi siku moja ikiwaka, nani atajua?"

"Nimesahau pasi lini?"

"Bado."

Alikuwa hanitazami. Namjua mwanangu, anapoogopa anakuwa kama askari. Nikamwambia, mwisho wa muhula kuna mtihani. Nikipata nusu na zaidi, uniache na duka langu na kamba zangu. Nikishindwa, nitafunga mabegi mwenyewe, hutanivuta.

Alifikiri. "Nusu?"

"Ndiyo alama ya kufaulu."

"Haya. Ila usije ukasema nilikulazimisha."

"Wewe baba, lini umewahi kunilazimisha? Hata kunyonya nilikubembeleza."

Akacheka kidogo. Alipoondoka nilikaa kwenye kiti chako. Naipenda nyumba hii, Nukta. Ukutani pana alama ya penseli tulipokuwa tukikupima urefu. Kwa kaka yako ni kuzuri, kuna bomba ndani. Ila kule wewe hukukaa.

Alhamisi, 27 Machi

Leo nimejifunza kitu, nakiandika kama kilivyo.

Mwalimu aliandika (2,9), (4,1), (2,9). Nikapitisha kidole, nikaona mbili, kisha mbili tena. Nikaandika: siyo fanksheni. Kinyozi akaandika kama mimi, kwa sababu hunakili kazi yangu.

Mwalimu akasema, "Mama, mbili ya kwanza imetoa nini?"

"Tisa."

"Na mbili ya pili?"

Nikaangalia. "Tisa."

"Basi imetoa vitu vingapi?"

"Kimoja. Ila umekisema mara mbili."

"Kusema mara mbili hakuharibu. Ni jozi ile ile. Kwenye seti inahesabiwa mara moja tu. Fujo inakuja pale mbili ikisema tisa, kisha ikasema kitu kingine."

Kinyozi akanong'ona, "Umeniponza, Mama Pasi." Nikamwambia siku nyingine anakili kwa mlinzi.

Nimetembea taratibu mpaka nyumbani, mwavuli umefungwa, sikujali mvua. Nilikuwa nasema moyoni: amesimama mlangoni, kiatu kimoja mguuni, kuna chai iliyobaki, kunywa yangu. Nikasema tena. Ni ile ile. Kwa hiyo kurudia kwangu siko ninakokuogopa. Ninachoogopa ni njano na kijani. Asubuhi moja, sweta mbili. Hapo mmoja wetu amepotea, na kama ni mimi, kaka yako ana haki.

Jumatano, 2 Aprili

Mto umejaa, daraja la chini limefungwa. Wateja watatu tu.

Jumamosi, 5 Aprili

Leo nimesimama kaunta na suti ya mteja mkononi na kwa muda kidogo sikukumbuka ni ya nani. Namba ipo, nimeibana mwenyewe. Nikajikuta natoka jasho. Kisha nikakumbuka: ya bwana wa duka la dawa, anayependa suruali isiwe na mkunjo wa mbele. Kila mtu husahau hivyo. Zamani hata nisingeliona.

Jumanne, 8 Aprili

Darasa la mwisho kabla ya mtihani. Mwalimu alisema yeyote mwenye swali aulize. Nilisubiri wengine waende.

Nikamwuliza, "Ukikuta namba moja imetoa vitu viwili, na una hakika vyote viwili ni kweli, unafanyaje?"

"Unasema siyo fanksheni, mama."

"Nje ya mtihani."

Akakaa kwenye dawati la mbele, akavua ile saa yake kubwa akaigeuza geuza. Akasema, "Nje ya mtihani ningerudi nyuma nikaangalia kinachoingia. Pengine nimekiita kitu kimoja kumbe ni viwili. Ukiniambia joto la leo ni ishirini, mwenzako akaniambia ni thelathini, sisemi mmoja mwongo. Nauliza mmepima saa ngapi."

Nilimshukuru. Aliniuliza kama kuna jambo, nikasema lipo, na akiniruhusu koti lake nitalifua bure, linanuka chaki. Akasema, "Mama, hilo nimelisubiri muhula mzima."

Jumatano, 9 Aprili

Nukta, leo naandika mpaka wino uishe.

Nimeamka nikajiuliza: mimi nilikuona saa ngapi? Asubuhi, kabla hujaenda kazini. Kaka yako alikuona saa ngapi? Jioni, walipompigia simu kwamba umeanguka. Sisi wawili tumekuwa tukisema "siku ile," "siku ile," kana kwamba siku ni kitu kimoja. Katikati pana mchana mzima ambao hakuna kati yetu aliyekuwa nawe. Nani alikuwa nawe mchana?

Nilifunga duka. Nikaenda kwa rafiki yako mshonaji, kule nyuma ya kiwanda cha unga, mlikokuwa mkila pamoja mchana. Hajafika nyumbani kwangu tangu mazishi. Nilidhani ana mambo yake.

Alikuwa anapinda pazia. Aliponiona aliondoa mguu kwenye cherehani akasimama wima kama mtoto wa shule.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Kaa, mwanangu. Sijaja kwa ubaya. Nina swali moja tu. Siku ile mchana, alikuwa amevaa nini?"

Aliingia nyuma ya pazia la chumba, akakaa huko kidogo. Akatoka na sweta yako ya njano, imefuliwa, imekunjwa, ndani ya mfuko wa karatasi.

"Alijimwagia mchuzi hapa mbele," akasema. "Tulikuwa tunacheka, akajimwagia. Akasema, mama ataniua, hii kaifua jana. Nikampa yangu ya kijani, nikamwambia hii niachie nitaitoa doa, kesho utaichukua." Akafuta macho kwa kipande cha pazia. "Kesho yake ndiyo nikasikia. Nikaifua. Kila wiki nilisema nitakuletea. Nikifika kona ya soko narudi. Niliona kama nitakuwa nakuletea msiba upya."

Niliishika. Doa limetoka lote, nikamwambia hivyo, nikamwuliza alitumia nini. Akasema chumvi na sabuni ya kipande. Nikamwambia umefanya vizuri, mimi ningefanya hivyo hivyo. Tukalia sote wawili, kisha nikamwuliza mlikuwa mnacheka nini.

Akasema ulikuwa unaniigiza mimi. Ninavyogombana na mashuka mvua ikinyesha.

Basi nimejua. Asubuhi, njano. Jioni, kijani. Jozi mbili, kila moja na chake. Mimi sikupotea, na kaka yako hakupotea. Nashukuru kwa kila kitu leo. Nashukuru hata kwa mchuzi, kwa sababu umeniachia mchana wako mmoja ambao sikuwa nao.

Alhamisi, 10 Aprili

Mtihani. Mlinzi hakusinzia.

Jumapili, 13 Aprili

Nimekwenda mimi kwa kaka yako. Nilivuka daraja la juu, mbali, nikafika na viatu vya matope. Alidhani kuna ugonjwa. Nikamwonyesha sweta ya njano nikamweleza yote, taratibu, kuanzia mchuzi.

Alisikiliza mpaka mwisho. Akaingia chumbani, akatoka na mfuko waliompa hospitali. Hajaufungua tangu siku ile. Akaufungua mbele yangu, na ya kijani ikatoka. Akaziweka mbili juu ya meza, akazitazama.

"Nilikuwa nakuona unampoteza, mama," akasema. "Nikawaza, akishasahau na yeye, nitabaki namkumbuka peke yangu."

Nilimvuta kichwa chake begani kama zamani. Ni mtu mzima, ana mvi mbili. Habari ya mtihani hakuna aliyeigusa. Nilimpa neno langu na liko pale pale.

Alhamisi, 17 Aprili

Matokeo. Sikufika nusu. Nilibakiza kidogo, ila kidogo hicho ni sehemu na michoro, ambazo niliacha wazi. Kwenye fanksheni mwalimu ameandika kwa wino mwekundu: yote sahihi. Kinyozi amefaulu na hakunicheka. Alisema, "Mama Pasi, uliponikataza kukunakili ndipo nilipopata akili."

Mwalimu alinishika mkono. Koti lake lilikuwa linanukia vizuri.

Nimeanza kufunga mabegi. Nguo zako nimeziweka chini, zangu juu. Sina uchungu kama nilivyodhani. Nimepata muhula mzima ulionichukulia wewe, na jioni zote hizo nilikuwa natoka nyumbani nikijua ninakokwenda.

Jumamosi, 19 Aprili

Kaka yako alifika asubuhi na sweta ya kijani kwenye mfuko. Mvua imekatika, jua kali, kamba hazina kitu. Akaona mabegi mlangoni.

"Umeshindwa?"

"Nimeshindwa, mwanangu. Tukamrudishie mwenye sweta, halafu twende."

Tulitembea mpaka kwa mshonaji. Kaka yako akampa sweta yake kwa mikono miwili, akashukuru, nikadhani ataaga. Akavuta kigoda akakaa.

"Mama ameniambia mlikuwa mnacheka," akasema. "Nisimulie na mimi."

Yule binti akasimulia. Ulivyochukua kitambaa cha pazia ukakishika kama shuka, ukaanza kuligombeza kwa sauti yangu, "Unaniona nimekaa hapa, na wewe unakimbilia wapi?" Ukajikwaa, ukapiga bakuli la mchuzi. Kaka yako alicheka, Nukta. Sijamsikia akicheka hivyo tangu ulipoondoka. Akafuta macho, akasema, "Hebu rudia. Pale aliposhika pazia."

Akarudia. Kaka yako akaomba tena. Mara ya tatu alikuwa anasema maneno pamoja naye, na mimi nikawasikiliza.

Tuliporudi alichukua begi moja kwa kila mkono. Nilimfungulia mlango wa kutokea. Akapita upande wa pili, akaingia nayo chumbani mwako, akayaweka juu ya kitanda.

"Muhula ujao unaanza lini?" akauliza.

Nikamwambia mwezi wa sita.

"Zile sehemu nitakufundisha mimi. Jumapili. Nitaleta na mtoto."

Sasa amekwenda. Jirani ameleta mablanketi, jua lingalipo, na nimeshayaanika yote. Asante kwa kaka yako. Asante kwa rafiki yako. Mimi nakutaja kila siku, sichoki. Nawe huko uliko, mwanangu, unikumbuke.